Je, wajua kwa nini Console haionyeshi logi za bakapu za jana?

Wahariri wa video za harusi wanaotumia iMac hapa Mwanza hulijua tatizo hili: umeapdeti mfumo, unafungua Console, programu ya Mac ya kusomea logi (kumbukumbu za matukio ya mfumo), utafute zile za Time Machine, kifaa cha bakapu cha Mac, za usiku uliopita, hukuti kitu. Haraka haraka mtu anasema apdeti imezifuta. Mwingine anakwenda mbali zaidi: bakapu haikufanyika kabisa! Basi anafomati eksteno, yaani diski ya nje yenye bakapu, aanze upya, na hapo ndipo bakapu zote za miezi iliyopita zinateketea kweli, kwa mkono wake mwenyewe.

Logi kutoonekana si ushahidi kwamba bakapu haipo. Chomeka diski, fungua Terminal, programu ya Mac ya kuandikia amri, andika tmutil listbackups. Zilizopo zitajitokeza, kila moja na tarehe na saa yake.

Na logi je? Zamani zilikuwa maandishi ya kawaida kwenye faili. Mwaka 2016 macOS Sierra ikaleta mtindo mpya, na Console siku hizi huonyesha ujumbe unaoingia ikiwa wazi tu. Wa nyuma haiuchoti.

Mtindo wenyewe una ujanja mzuri. Chukulia karani wa mwalo wa Kirumba. Amechoka kuandika "sangara wamepokelewa kutoka Ukerewe, kilo 40" kutwa nzima. Anabandika orodha ukutani: sentensi hiyo ni namba 7, nafasi ya kilo ikiachwa wazi. Daftarini anaandika 7, 40, basi. Daftari halijai upesi, ila ukilichukua bila orodha unaona tarakimu tupu. Kwenye Mac, daftari ni folda ya /var/db/diagnostics. Orodha imo ndani ya programu zenyewe, na nyingine huhifadhiwa /var/db/uuidtext. Anayevisoma vyote kwa pamoja ni amri ya log show, nayo huandikwa kwenye Terminal:

log show --info --last 24h --predicate 'subsystem == "com.apple.TimeMachine"'

Tumia akaunti ya msimamizi, na usiiache --info. Bila hiyo ujumbe wa daraja la info, yaani taarifa za kawaida, hauonyeshwi. Lakini kwa kanuni ya jumla daraja hilo hukaa kwenye RAM, isipokuwa programu imepangiwa vingine, kwa hiyo umeme ukikatika ghafla baadhi huenda nao. Hata zilizofika diskini zina kikomo cha ukubwa: mashine yenye shughuli nyingi husukuma nje za zamani mapema. Unayotaka kuitunza, ongeza > bakapu.txt mwishoni mwa amri hiyo, leo leo.