*Tektäk: kitenzi chenye nyota

Ukikuta neno limetanguliwa na nyota kwenye maandishi ya isimu ya historia, jua hakuna aliyewahi kulikuta limeandikwa popote. Limeundwa upya. Kitenzi *tektäk, cha lugha mama ya Kifini na ndugu zake wa karibu, kimepatikana kwa kulinganisha Kifini tehdä, Kiestonia teha na tehta ya Kiveps, lugha ndogo ya Urusi, yote 'kufanya', kisha kurudi nyuma hadi umbo linaloweza kuyazaa yote matatu. Ni njia ileile iliyotupa *-bón- ya Kibantu kutoka -ona yetu, bona ya Kizulu na mona ya Kikongo.

Hizo k mbili hazikubuniwa. Ya kwanza Wafini wanayo hadi leo: tekee, 'anafanya'. Kwenye tehdä imegeuka h kwa sababu ilikaa mbele ya t. Ya mwisho imekufa, ila imeacha kivuli. Msikilize Mfini akisema tehdä se, 'kuifanya': ataikaza s kana kwamba ameandika tehdässe.

Mpaka hapo hakuna ugomvi. Hata Kihungari, ndugu wa mbali, kina tesz, na Kierzya cha Urusi kina tejems, na kwa hizo tunafika kwenye mzizi mkongwe zaidi, *teke-.

Huo mzizi ulitoka wapi? Lugha za Kihindi-Kiulaya zina *dʰeh₁-, 'kuweka, kufanya', kilichozaa do ya Kiingereza na tun ya Kijerumani. Mwanaisimu Mfini Jorma Koivulehto alishikilia kwamba neno liliazimwa huko: ile h₁, sauti ya kooni iliyopotea baadaye, masikio ya waazimaji yaliipokea kama k. Wengine wanaona ni urithi wa babu mmoja wa familia zote mbili, ya Kifini na Kihungari na ile ya Kihindi-Kiulaya. Wengine wanasema ni bahati tu, na wana mfano mzuri: katika Kimbabaram cha Australia mbwa aliitwa dog, bila undugu wowote na Kiingereza.

Mimi hoja ya kuazima hunitia shaka kidogo. Vitenzi huazimwa, sawa. -Fikiri, -safiri na -jibu tumevitoa kwenye Kiarabu. Lakini -la, -fa na -ja hatukumwomba mtu. Bahati nayo siimezi kirahisi, kwa sababu tesz ya Kihungari haimaanishi 'kufanya' peke yake. Inamaanisha pia 'kuweka', sawa na *dʰeh₁-.