Arusi ya zamani anaikumbuka, chai ya asubuhi haijui

Hapa Lamu swali hili huletwa kliniki na mabinti waliowashika mama zao mkono. "Daktari, mahari yake anayataja mpaka mkaja na kilemba. Lakini chai amekunywa sasa hivi na anaidai tena. Anatufanyia makusudi?"

Hafanyi. Chai ile hakuisahau. Haikushika akilini tangu mwanzo, na mara nyingi sababu ni ugonjwa wa Alzheimer, unaomla mtu kumbukumbu.

Kumbukumbu mpya hupitia hipokampasi, sehemu ndogo iliyo ndani ya ubongo usawa wa masikio. Huko seli za neva hupashana habari kwenye viungo vinavyoitwa sinapsi: moja hutoa kemikali iitwayo glutameti, ya pili huipokea. Habari ikija kwa nguvu na kurudiwa, seli inayopokea huongeza vipokezi na kiungo hukaza. Watafiti Bliss na Lømo walilionyesha hilo mwaka 1973 kwa ubongo wa sungura.

Katika ugonjwa huu, hapo ndipo amiloidi beta inapoharibu. Ni kipande cha protini ambacho kila ubongo hukitengeneza na kukiondoa, wangu na wako. Kikizidi, hasa kile chenye asidi amino 42, hugandana. Mabonge makubwa ndiyo aliyoyaeleza daktari Mjerumani Alois Alzheimer mwaka 1906, ambaye ugonjwa umepewa jina lake, na ndiyo yanayotajwa kila mahali. Mimi nayahofia zaidi makundi madogo yanayoelea, kwa sababu yakigusa sinapsi, seli huanza kuviondoa vipokezi badala ya kuviongeza. Mabonge wako wazee wanaokufa nayo tele, na akili zao timamu.

Tau ni protini nyingine, nayo iko ndani ya seli. Hushikilia vijia vya kusafirishia mizigo kama kamba ya mnazi ilivyoshikilia mbao za mtepe, chombo cha zamani cha kushonwa. Ikibandikwa fosfeti kupita kiasi hulegea, hujisokota mafundo, na sinapsi za mbali hukosa mahitaji. Baadaye seli hufa. Mafundo hayo huanzia karibu na mlango wa hipokampasi. Arusi ya zamani, iliyokwisha kusimuliwa mara chungu nzima, imejikita kwenye gamba la ubongo, ambako ugonjwa huchelewa kufika. Huchelewa tu.

Lecanemab, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023, hupunguza amiloidi na kuchelewesha kidogo kuzorota kwa akili. Haiurudishi ubongo ulivyokuwa. Tena huhitaji picha za ubongo za MRI mara kwa mara, maana inaweza kuvimbisha ubongo au kuuvujisha damu.

Kwa hiyo kabla sijalitamka jina la Alzheimer hupima kwanza tezi ya shingo na vitamini B12, huuliza habari za sonona na usikivu, kisha huomba niletewe mfuko mzima wa dawa anazomeza mama. Baadhi ya dawa za usingizi na za mzio husahaulisha, nazo zinaweza kuachwa.