Mbwa Mwoga: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Katika nyumba nyingi za Kampala, Jinja au Mbarara, mbwa hufugwa ili alinde boma, na kwa sababu hiyo mbwa anayefyata mkia mgeni anapobisha hodi huonekana kuwa hasara. Mwenye mbwa hupewa ushauri na jirani, na askari wa geti, na hata na aliyemuuzia mbwa huyo, na karibu ushauri wote huelekea upande mmoja, yaani mbwa akaripiwe, akazwe, asidekezwe. Sehemu kubwa ya ushauri huo haina msingi, na sehemu nyingine humgeuza mbwa mwoga kuwa mbwa wa hatari.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba ukimbembeleza mbwa anayetetemeka, unamfundisha kuogopa zaidi. Wanaosema hivyo huchanganya mambo mawili. Tendo ambalo mbwa hulifanya kwa kutarajia faida, kama vile kuomba chakula mezani, huongezeka likituzwa. Lakini hofu ni hisia, na moyo wa mbwa hauendi mbio kwa kutafuta tuzo. Eneo linalozunguka Ziwa Victoria ni miongoni mwa yanayopata radi nyingi zaidi duniani, kwa hiyo anayefuga mbwa Kampala au Entebbe hana budi kulijua jambo hili, ukiacha fataki za mkesha wa mwaka mpya. Mbwa akikujia ngurumo zinapoanza, mkaribishe, sema naye kwa sauti ya chini, mpe kipande cha nyama ikiwa atakikubali. Akipendelea kujificha chini ya kitanda, mwache huko wala usimvute. Kinachozidisha hofu ni kumkaripia, kwa kuwa hapo radi imeongezewa na hasira ya mtu yule yule anayemtegemea.

Wengine huamini kwamba dawa ya woga ni kumtumbukiza mbwa katikati ya kile anachokiogopa: afungwe kamba, apelekwe sokoni au kwenye kituo cha boda boda, akae hapo mpaka azoee. Mara nyingi mbwa huyo hunyamaza baada ya muda, na mwenyewe huondoka akiamini kwamba amefaulu. Hata hivyo, kunyamaza si kutulia. Mbwa aliyeganda, ambaye hageuzi kichwa wala hagusi chakula, amekata tamaa ya kutoroka, na siku inayofuata anaweza kukataa hata kutoka getini.

Njia inayofaa ni ya polepole, na ufunguo wake ni umbali. Chukua mfano wa mbwa anayeogopa boda boda. Simama naye mbali na barabara, mahali ambapo anaiona pikipiki lakini bado anaweza kula na kukutazama. Pikipiki inapotokea, mpe dagaa au kipande kidogo cha nyama. Ikishapita, chakula kinakoma. Utaratibu huo usigeuzwe, kwa maana ukitanguliza chakula kabla ya pikipiki, mbwa hujifunza kukishuku chakula chenyewe, na mazoezi yote huharibika. Baada ya kurudia zoezi hilo kwa siku kadhaa, utaona kwamba mbwa akisikia mlio hugeuka kukutazama wewe, akingoja chake. Hapo ndipo pa kusogea hatua chache tu. Akikataa kula, umekaribia mno, basi rudi nyuma bila kumlaumu. Ikumbukwe pia kwamba mishtuko ya siku moja hulimbikizana, hivi kwamba mbwa aliyevumilia wageni asubuhi na radi mchana anaweza kushindwa na jambo dogo jioni, na siku kama hiyo ni ya mapumziko.

Lipo pia lile la kumpiga mbwa anaponguruma, ili aache ukorofi. Kunguruma ni onyo, na mbwa anayepigwa kwa kutoa onyo huacha kuonya, huku hofu yake ikibaki pale pale. Matokeo yake ni mbwa anayeuma bila dalili. Kabla ya kunguruma huwa amekwisha kusema kwa njia nyingine: hupiga miayo bila usingizi, hulamba midomo, hugeuza uso, huonyesha weupe wa macho, hukakamaa. Dalili hizi zinafaa kufundishwa watoto wa nyumbani kabla ya amri yoyote kufundishwa mbwa. Nchini Uganda kuumwa na mbwa si jambo dogo, kwa kuwa kichaa cha mbwa bado kipo na dalili zake zikishajitokeza kwa binadamu ni nadra mno kupona. Jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aliyeumwa apelekwe kituo cha afya bila kungoja.

Hoja ya kwamba mwenye mbwa lazima amshinde nguvu ili awe kiongozi wa kundi inatokana na uchunguzi wa mtafiti Rudolf Schenkel, uliochapishwa mwaka 1947, kuhusu mbwa mwitu wa aina ya wolf waliofungiwa pamoja. David Mech, mtafiti mwingine wa wanyama hao, aliyeieneza hoja hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1970, baadaye aliikosoa mwenyewe, akieleza kwamba kundi la mbwa mwitu porini kwa kawaida ni familia, yaani wazazi na watoto wao.

Kinachonisikitisha zaidi ni desturi ya kumfungia mtoto wa mbwa bandani mchana kutwa, na pengine kumlisha pilipili, ili awe mkali. Pilipili humuumiza tumbo tu. Kipindi ambacho ubongo wa mbwa huzoea watu, sauti na vitu kwa urahisi huanza takriban wiki ya 3 na kufikia kati ya wiki ya 12 na ya 14, na aliyekipitisha bandani mara nyingi hukua akiogopa kila kisichofanana na banda. Kelele zake usiku huitwa ukali, ingawa nyingi ni za woga, na mlinzi anayemwogopa kila mtu hawezi kumtofautisha mwizi na shangazi aliyekuja kutembea. Kama chanjo za mtoto huyo hazijakamilika, mbebe mikononi, aone dunia bila kukanyaga uchafu wa mbwa wengine.

Si kweli kwamba kila mbwa mwoga aliwahi kupigwa, kwani wapo waliorithi woga kwa wazazi. Wala si kweli kwamba mbwa mzima, au mbwa koko, hafundishiki. Mjini Gulu, mradi ulioanzishwa na Francis Okello Oloya huwaunganisha manusura wa vita vya kaskazini mwa Uganda na mbwa, wengi wao wakiwa wameokolewa kutoka mitaani, na wote wawili hupitia mafunzo pamoja. Mbwa mzima huchukua muda mrefu zaidi, na huenda asiwe jasiri kabisa.

Mbwa aliyekuwa mtulivu akiingiwa na hofu au ukali ghafla, mazoezi yasubiri. Huenda ana maumivu ya jino, sikio au kiungo, na huenda ni kichaa, hasa ikiwa hajachanjwa; asishikwe kwa mikono, atengwe na watu, na daktari wa mifugo aitwe. Daktari huyo huyo anaweza kumwandikia dawa ya kupunguza wasiwasi mbwa ambaye hofu yake imezidi kiasi cha kutoweza kujifunza, na hapo dawa hutumika pamoja na mazoezi. Dawa za binadamu zilizobaki kabatini asipewe, kwa sababu baadhi yake, kama vile ibuprofeni, zinaweza kumuua.