Binti wa Dracula hakutaka kuwa Dracula

Itaje Dracula's Daughter, filamu ya Universal ya mwaka 1936, na wengi watakujibu: "Aa, ile ya Lugosi sehemu ya pili." Bela Lugosi, aliyeigiza Dracula katika filamu ya 1931, hamo. Dracula, yule mfu mnyonya damu, unayemwona humo ni sanamu tu iliyolazwa jenezani. Hadithi inaanzia pale pale filamu ya 1931 ilipoishia: maiti ya Dracula ina kigingi kifuani, na polisi wanamkamata Von Helsing, mwindaji wa wanyonya damu, kwa mauaji. Ajitetee vipi, aseme amemuua mtu aliyekwisha kufa karne nyingi?

Dhana inayoniudhi zaidi ni kwamba huyu binti ni Dracula yule yule, kavalishwa gauni. Hata kidogo. Marya Zaleska, anayeigizwa na Gloria Holden, anataka kupona kiu ya damu. Anauiba mwili wa baba yake na kuuchoma moto msituni usiku, kwenye ukungu, ameshika msalaba huku uso kaugeuzia pembeni. Kisha anaketi kwenye piano, akiamini amefunguliwa. Anasema anasikia mbawa za ndege. Mtumishi wake Sandor anamjibu kuwa ni za popo. Anasema mbwa anabweka kwa mbali. Sandor anamjibu kuwa kuna mbwamwitu. Muziki unageuka chini ya vidole vyake mwenyewe, naye anajua. Hakuna tone la damu pale, na bado mimi hunisisimua kuliko jeneza lolote linalofunguka.

Moto ukishindwa, anamwendea daktari wa magonjwa ya akili, kama mlevi aliyechoka na pombe. Utani wa daktari huyo na katibu wake, nakubali, umezidi kipimo.

Wapo pia wanaosema filamu ni kisa cha Bram Stoker, mwandishi wa riwaya ya Dracula, kiitwacho "Dracula's Guest". Haki za kisa hicho zilinunuliwa kweli, ila ukikitafuta ndani ya filamu utatoka mikono mitupu.

Halafu kuna wale wanaoisimulia bila kuitazama: eti Von Helsing anamaliza kazi kwa kigingi, kama kawaida yake. Anayemuua Zaleska ni Sandor. Aliahidiwa uzima wa milele, akaona sasa anapewa daktari. Akavuta upinde, na mshale wa mti ukamwingia Zaleska moyoni. Von Helsing anafika akiwa shahidi tu.