Sikiliza kifua, usihesabu ampuli

Mgonjwa aliyedhuriwa na dawa ya kuua wadudu unaweza kumtambua kabla hujaambiwa kilichompata. Nguo zimelowa jasho, mate na machozi yanamtoka, amejiharishia, na mwili unanuka kama kitunguu saumu. Ukimmulika tochi, mboni zimesinyaa hadi ukubwa wa ncha ya pini. Ukiweka stethoskopu kifuani, unasikia majimaji yakikoroma. Wengi ninaowapokea ni wakulima waliopuliza nyanya au pamba huku bomba likivuja mgongoni. Wapo pia waliokunywa, ama kwa makusudi, ama kwa kuwa dawa ilihifadhiwa kwenye chupa ya soda.

Dalili hizo zote zinatoka kwenye mfumo wa neva unaojiendesha, ule unaosimamia moyo, utumbo, mate na mboni bila sisi kuamua. Upande wake wa simpathetiki hutuandaa kukimbia au kupigana. Wa parasimpathetiki hupunguza kasi ya moyo na kuendesha mmeng'enyo. Huu wa pili hufikisha amri zake kwa kemikali iitwayo asetilikolini. Mwaka 1921 mwanasayansi Otto Loewi alisisimua vegasi, neva ya parasimpathetiki inayofika moyoni, kwenye moyo wa chura, akachukua maji yaliyouzunguka na kuyamimina kwenye moyo wa chura mwingine. Moyo wa pili nao ukapunguza mapigo, ingawa neva yake haikuguswa. (Jasho lina mambo yake: huamriwa na simpathetiki, lakini kwa asetilikolini.)

Kwa kawaida asetilikolini ikishafanya kazi huvunjwa papo hapo na kimeng'enya kiitwacho asetilikolinesterasi. Dawa za jamii ya organofosfeti, kama profenofosi na klorpirifosi, hukikamata kimeng'enya hicho kikashindwa kufanya kazi. Asetilikolini inarundikana, na tezi zinaendelea kumwaga. Mgonjwa anaweza kufa kwa majimaji yake mwenyewe yaliyojaa mapafuni.

Dawa tunayomtibu nayo, atropini, haikifufui kimeng'enya. Inachofanya ni kukalia vipokezi vya asetilikolini kwenye tezi, moyo na njia za hewa, ili amri ifike isipate wa kuitii. Kwa hiyo dozi inategemea wingi wa asetilikolini iliyorundikana, na hapo ndipo wengi wanapoogopa. Aliyezoea kutoa nusu miligramu kabla ya upasuaji huona miligramu 2 ni nyingi mno. Kwa mtu mzima tunaanza na miligramu 1 hadi 3 kwenye mshipa, tunasubiri dakika 5, na kifua kikiwa bado kinakoroma tunatoa mara mbili ya dozi iliyopita, tukiendelea hivyo hadi kikauke. Wapo wanaohitaji makumi ya miligramu, yaani ampuli (vichupa vya dawa ya sindano) nyingi. Moyo kwenda mbio si sababu ya kuacha, na mboni zisikushughulishe, kwani huchelewa kufunguka. Akianza kuweweseka, joto likipanda na tumbo likinyamaza, hapo umepitiliza. Simamisha, kisha uendelee kwa kiwango cha chini.

Kuna jambo ambalo atropini hailigusi kabisa. Misuli ya kupumulia nayo hutumia asetilikolini, ila kwa vipokezi vya aina nyingine. Kifua kinaweza kuwa kikavu, mgonjwa anaongea, halafu siku ya pili au ya tatu shingo inalegea, hawezi kuinua kichwa kwenye mto, na pumzi inakatika. Ndiyo maana namwambia muuguzi wa zamu amwombe mgonjwa anyanyue kichwa kila anapompima. Pralidoksimu, inayokusudiwa kukifungua kimeng'enya, matokeo ya tafiti zake yanagongana. Nikiambiwa nichague cha kujaza kabatini, nitachukua atropini na oksijeni.

Nyumbani, mvueni nguo na mwosheni kwa maji mengi na sabuni, aliyemwosha akiwa na glavu, kisha mkimbizeni hospitali pamoja na chupa ya dawa. Maziwa msimpe, wala msimtapishe. Maziwa hayaondoi sumu hii, na kwa mtu anayesinzia huishia mapafuni.

Upande wa pili wa sarafu hii unaota kando ya mashamba yetu: mnanaha. Mbegu zake zina atropini na skopolamini, na aliyezila huja mdomo mkavu, ngozi ya moto, mboni zimepanuka, mkojo umeziba, anazungumza na watu wasiokuwepo. Mwaka 2019 huko Karamoja, Uganda, mamia ya watu waliugua baada ya kula unga wa msaada uliochanganyika na sumu hizo, na baadhi wakafa. Dawa inayoweza kuipinga atropini ni fisostigmini, kutoka kwenye mbegu ya Calabar ya Afrika Magharibi. Nayo hufanya kazi kwa kukizuia kimeng'enya kilekile kinachozuiwa na dawa ya nyanya, tofauti ikiwa kwamba hukiachia baada ya muda mfupi.