Kusafisha jina kwenye mikopo maana yake nini hasa

Hapa Dodoma ukikaa kijiwe chochote cha boda pale Majengo hukosi mtu analalamika "mie jina langu chafu, benki hawanipi", na wa pembeni anamjibu lipa tu deni litasafishika. Hilo neno kusafisha ndo linapotosha watu, mie mwenyewe lilinipotosha.

Chukulia daftari la Mangi dukani. Umekopa unga kilo mbili na mafuta ya kupima, ukasema ntalipa Ijumaa, ukaja kulipa Ijumaa ya mwezi uliofuata. Mangi anachukua peni anakata mstari juu ya jina lako, deni limeisha, ila chini ya ule mstari bado panasomeka ulikopa lini ukalipa lini, na kesho ukija kuomba sukari kabla hajakujibu anafunua kwanza kurasa za nyuma. Taarifa za mikopo ndo hivyohivyo, sema hili daftari wanalisoma wakopeshaji wengi. Benki zinapeleka taarifa za wakopaji kwenye kanzidata ya Benki Kuu, alafu kuna kampuni zenye leseni kama Creditinfo na Dun & Bradstreet zinazitumia kutengeneza ripoti ya kila mtu, na kanuni zake zipo tangu 2012 kwahiyo sio kitu cha jana. Ukichelewa hata kidogo inaweza kuonekana, ukipitisha siku 90 bila kulipa mkopo unaitwa chechefu, na hapo afisa mikopo lazima akunje uso.

Mie nilikopa kwenye simu elfu thelathini. Mwaka ule mvua ikakata mapema, alizeti ikasinyaa shambani, laini nayo ikapotea nikasajili nyingine ya mtandao tofauti nikajua yameisha. Baadae naenda kuomba hela ya mashine ya kukamua alizeti, dada wa mikopo akaingiza namba yangu ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, akanyamaza, akanigeuzia kioo cha kompyuta, elfu thelathini yangu ile pale na siku zake zote. Kumbe ilikuwa inafuata NIDA, sio laini!

Sasa, nikalipa, ila kulipa lile deni kulizuia lisizidi kuoza tu. Kinachojenga jina upya ni kurasa mpya za mbele, yani unakopa kidogo unalipa kwa tarehe, mwezi baada ya mwezi, mpaka anayefunua daftari akute mazuri ndo mengi na yako karibu kuliko lile baya. Hamna njia ya mkato, na jamaa anayekwambia umtumie elfu hamsini akufutie jina ni tapeli, mwache.

Kabla ya kukopa tena omba ripoti yako uisome mstari kwa mstari, maana kuna deni ulishalipa na bado linaonekana liko wazi. Hapo beba risiti zako nenda kwa yule yule aliyekukopesha, ndo yeye aliyepeleka taarifa, na akirekebisha usiondoke bila barua ya kumaliza deni. Watu wanaidharau hii barua sijui kwanini.

Alafu angalia marejesho yanalingana na hela yako inavyoingia. Mkulima wa zabibu wa Mpunguzi au Hombolo anavuna mara mbili kwa mwaka, ukimpa rejesho la kila mwezi umemtengenezea kuchelewa kabla hajaanza, bora aombe ratiba ya msimu hata kama itabidi abembeleze. Na kausha damu, yani ile mikopo ya mtaani, ukiacha riba yake ya kuua, hata ukilipa kwa wakati huyo mkopeshaji wa mtaani asiye na leseni hapeleki taarifa popote, umeteseka na jina liko palepale. Kikoba, kile kikundi cha kuweka na kukopeshana, ni kizuri kwa mambo mengine, ila uaminifu wako wa kule mara nyingi unabaki kwenye daftari la kikoba.

Mie nilianza na laki tatu, marejesho kumi na mbili, nikawa nalipa siku mbili kabla ya tarehe sababu mtandao nao una siku zake. Mashine nikaja kuipata mwaka uliofuata. Ile elfu thelathini mara ya mwisho naangalia ilikuwa bado ipo kwenye ripoti, imeandikwa imelipwa, na yule dada wala hakuiuliza.