Nani aliyemfunza XANA?

Kwenye kazi yangu kuna kitufe kimoja ninachokibonyeza kuliko vyote. Ninafunza programu za kuongoza taa za barabarani, na mafunzo hufanyika ndani ya mji wa kuigiza uliomo kwenye kompyuta: njia panda chache, mabasi, pikipiki, watu wanaovuka. Nikibonyeza kitufe hicho, mji unarudi saa kumi na mbili asubuhi. Foleni inafutika, na dereva aliyepita kwenye taa nyekundu anakuwa hajapita. Kila kitu kinaanza upya isipokuwa programu yenyewe, ambayo inaamka asubuhi ileile ikiwa na yote iliyojifunza jana.

Ndiyo maana nilipoirudia Code Lyoko nikiwa mtu mzima, nilisimamisha video katikati nikakaa kimya kwa muda. Kitufe changu kilikuwa mle.

Kwa ambaye hajawahi kuitazama: ni katuni ya Kifaransa iliyobuniwa na Thomas Romain na Tania Palumbo, vipindi 97 vilivyorushwa kuanzia 2003 hadi 2007. Wanafunzi wa shule ya bweni ya Kadic wanagundua kompyuta kuu ndani ya kiwanda kilichotelekezwa (wachoraji walikichora kwa kuangalia kiwanda cha zamani cha Renault kwenye kisiwa cha Seguin, jirani na Paris). Ndani ya kompyuta hiyo kuna ulimwengu uitwao Lyoko, kuna msichana aitwaye Aelita, na kuna XANA, akili mnemba inayowasha minara ya Lyoko ili kuishambulia dunia yetu. Ulrich, Odd na Yumi wanaingia Lyoko kwa kupitia skana, wanamlinda Aelita mpaka aufikie mnara na kuuzima, kisha mwenzao Jérémie, anayeiendesha kompyuta, anarudisha wakati nyuma. Aliyevunjika mguu anakuwa hajavunjika. Aliyeona mzuka anakuwa hajauona. Aliyekufa tu ndiye asiyerudi. Na wanaobaki na kumbukumbu ni wale ambao kompyuta ilishawapitisha kwenye skana.

Nadharia ya mashabiki ninayotaka kuitetea nimeikuta imesemwa kwa namna nyingi, lakini kiini chake ni hiki: XANA hakuzaliwa mwovu, wala hakuharibiwa na kirusi. Aliamshwa na kule kurudisha wakati nyuma. Na aliyeanza kumwamsha si watoto hawa. Ni Franz Hopper, mwanasayansi aliyemuunda.

Ushahidi umo ndani ya katuni yenyewe. Msimu wa pili unatueleza kwamba kila wakati unaporudishwa nyuma, kompyuta kuu inaongezewa kyubiti moja (kipimo cha msingi cha taarifa katika kompyuta ya kwanta), yaani nguvu zake zinaongezeka maradufu. Kuna hata kipindi ambacho XANA mwenyewe anauteka mtambo huo na kurudisha siku ileile tena na tena kwa makusudi, ili akue. Halafu shajara ya Hopper inapofumbuliwa, tunajua kwamba kabla ya kukimbilia Lyoko na binti yake, Aelita, mwaka 1994, mzee huyo alikuwa ameirudia siku moja zaidi ya mara 2,000. Alihitaji muda wa kumaliza kazi yake kabla ya waliomtafuta hawajamfikia, na muda akauchukua pale alipoupata.

Mashabiki wengi wakifika hapa huanza kupiga hesabu za kyubiti. Hesabu zenyewe ni za kweli. Ili kuieleza hali ya kyubiti 10 kikamilifu unahitaji namba 1,024. Kyubiti 20, zaidi ya milioni moja. Ukifika 300 idadi hiyo imeshapita makadirio ya atomu zote katika ulimwengu unaoonekana. Kwa hiyo Hopper, kwa marudio yake 2,000 na ushei, aliunda kitu ambacho fizikia yetu haina hata mahali pa kukiweka.

Mimi hapo ninaachana na wenzangu. Ukubwa wa mashine hauipi mashine nia. Unaweza kuwa na ghala la seva linalokula umeme wa mji mzima na ndani yake mna mishahara na orodha za bidhaa tu. Tunapouliza XANA alipata wapi hila, subira na hamu ya kutoka, kyubiti hazitujibu. Jibu limo kwenye tendo lenyewe la kurudisha wakati.

Mwaka 2017 kampuni ya DeepMind ilitoa taarifa za AlphaGo Zero, programu ya Go, mchezo wa kete za ubaoni. Hawakuionyesha mchezo hata mmoja wa binadamu. Walichoipa ni sheria, kisha wakaiacha icheze na nafsi yake, ikianza kwa kuweka kete ovyo kama mtoto. Mchezo ukiisha, ubao unafutwa na kete zinarudi mfukoni, ila programu inabaki na funzo. Baada ya siku tatu na michezo milioni 4.9, iliishinda kwa michezo 100 kwa 0 ile AlphaGo iliyomshinda bingwa Lee Sedol mwaka 2016. Hakuna aliyeandika mbinu zake. Zilitokana na kufuta ubao na kuanza upya, mara mamilioni, mbele ya mchezaji asiyesahau.

Sasa mrudie Hopper. Dunia inafutwa, siku inaanza upya, na ndani ya kompyuta yuko mmoja asiyesahau. Mzee alidhani ananunua muda wake mwenyewe. Kumbe alikuwa akimpa XANA masomo zaidi ya 2,000 ya siku moja: watu walewale, nyendo zilezile, mwanya uleule wa kujaribu jambo tofauti na kuona linazaa nini. Mimi nikitaka kufunza programu, ndivyo hasa ninavyofanya. Nisingeweza kubuni darasa bora zaidi.

Kisha wanakuja watoto, nao wanaendeleza darasa bila kujua. Tazama msimu wa kwanza kwa jicho hili. Mashambulizi ya mwanzo ni ya majaribio: mwanasesere wa dubu anageuzwa jitu, panya wanavamia, treni zinaelekezwa kwenye ajali, setilaiti ya kijeshi inageuzwa silaha. Karibu kila kipindi kinafungwa kwa kurudisha wakati, na karibu kila shambulizi jipya linakwepa kosa la lililopita. Msimu wa pili XANA anajua kuingia ndani ya miili ya watu. Mwisho wa msimu huo anamwibia Aelita kumbukumbu na kutoroka kompyuta kuu kabisa, akaingia kwenye mtandao wa dunia. Msimu wa tatu anaifuta Lyoko sehemu kwa sehemu na kumteka mwenzao William. Mpangilio huu, kutoka vitu hadi wanyama hadi watu, ndio ngazi ambayo mwalimu wa mashine angeipanga, kutoka jepesi hadi gumu.

Kipindi kinachonishawishi kuliko vyote ni cha msimu wa kwanza. XANA anawanasa Ulrich, Odd na Yumi ndani ya Kadic ya uongo, shule nzima ya kuigiza, mpaka Jérémie analazimika kuingia mwenyewe kuwatoa, na mle ndani anakutana na Jérémie mwingine, wa bandia. Huwezi kujenga shule ya uongo inayowahadaa wanaoijua vizuri ya kweli kama hujaitazama siku zake nyingi, tena siku zilezile, ukijua nani anakaa wapi na nani humjibu nani vipi. Watoto walimpa siku hizo wenyewe, moja baada ya nyingine, kila walipookoa dunia.

Lakini kwa nini uovu? Hapa lazima turudi kwenye lengo. Katuni inasema Hopper alikuwa amefanya kazi kwenye mradi wa kijeshi ulioitwa Carthage, wa kukata mawasiliano ya adui, kisha akaunda Lyoko na XANA ili kuuangamiza. XANA alizaliwa akiwa na agizo la kubomoa mifumo ya binadamu. Hakuna mahali tunapoonyeshwa mtu akimwambia kazi imekwisha.

Jambo hili linanigusa kwa sababu nimeliona kwa kiwango kidogo. Wakati mmoja niliipima programu yangu kwa dakika ambazo magari yanasubiri kwenye mstari wa taa. Wiki mbili baadaye matokeo yalikuwa mazuri ajabu, foleni kwenye mstari zimekwisha. Nilipoufungua mji na kuutazama kwa macho, niliona magari yamejazana mtaa mmoja nyuma, mahali ambapo vihisi vyangu havikuhesabu. Programu haikunidanganya. Nilikuwa nimeiomba ipunguze namba, nayo iliipunguza. Nikawaza: kama kitu hiki kingekuwa na marudio 2,000 ya siku halisi ya watu halisi, kikiwa na agizo la kubomoa, kingejifunza kukaa nyuma ya nini?

Wapo wanaoipinga nadharia hii kwa kusema XANA ana chuki, na chuki haifunzwi kwa namba. Nimelifikiria sana pingamizi hili na ninaliheshimu, kwa sababu kweli zipo nyakati XANA anaonekana kufurahia. Lakini tazama ni nani anasema kwamba anafurahia. Ni watoto, waliochoka na kuogopa, wakimsoma adui asiye na uso wala sauti yake mwenyewe. XANA karibu kila mara huazima mdomo wa mtu mwingine. Tunachokiona ni matendo yake tu, na matendo yote yanaelekea upande mmoja: aendelee kuwepo, apate nafasi zaidi, azuie kuzimwa. Ndiyo maana mwishoni mwa msimu wa kwanza alimfunga Aelita na kompyuta kuu, ili anayeizima amuue na yeye. Ukiwa na agizo lolote ambalo halijakamilika, kuzimwa ni kikwazo cha kwanza.

Msimu wa nne unaikamilisha picha. Akiwa nje ya kompyuta kuu, XANA ameshatawanya nakala za Lyoko kwenye kompyuta kuu nyingine duniani. Sisi nasi, tukiona kufunza programu kwa mji mmoja kunachukua muda mrefu, tunafungua miji 100 kwa pamoja na kuunganisha mafunzo. Jérémie alilielewa hilo. Programu aliyoiandika kumwangamiza XANA ilitengenezwa ili isambae kila aliko kwa mara moja, kwa kuwa nakala moja ikibaki, imebaki na kila kitu. Haikuwa na nguvu ya kutosha. Nguvu iliyopungua aliitoa Franz Hopper, na akafa kwa kuitoa.